Nyekundu ya Nusu ya Pili

Teotitlán del Valle, 8 Januari 1984

Shangazi Crispina,

Pokea salamu kutoka kwa mtu ambaye hujawahi kumwona. Mimi ni Otilia, binti wa mdogo wako Melesio. Nilizaliwa miaka miwili baada ya wewe kuondoka, na anwani yako nimeipata nyuma ya picha ya Bikira, mahali Bibi anapoficha vitu vyote asivyotaka Babu avione.

Huku sote wazima. Baba yuko kaskazini anachuma stroberi. Bibi Zoila bado anakwenda sokoni mwenyewe na kurudi na umbea mwingi kuliko nyanya. Babu Ausencio ana nguvu zake, ila macho yamefifia. Juzi alimwamkia mbuzi wa jirani kwa heshima zote, akavua na kofia.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Siku ya Wafalme Watatu, Babu alipanda ngazi, akashusha darini ile nusu ya zulia. Wewe unaijua kuliko mimi. Aliahidi altare zulia kubwa la vipande viwili vya kushonwa pamoja katikati. Wewe ukatia rangi sufu ya nusu ya kwanza, yeye akafuma, halafu ukaondoka na Bwana Ruperto kabla ya kutia rangi sufu ya nusu ya pili. Babu akaikunja nusu yake, akaitupa darini, ikakaa huko miaka ishirini na miwili. Sasa anasema anataka kuliona zulia zima mbele ya altare, sikukuu ya Julai hii, kabla macho hayajazima kabisa.

Nikasema nitafuma mimi. Walicheka mezani mpaka chokoleti ikamwagika. Baba mkubwa Filemón akasema, "Huyu? Mpeni soksi afume, tena mguu mmoja." Bibi peke yake ndiye hakucheka. Babu akapiga meza: "Atakayenipa nyekundu ileile, huyo atafuma, na mtambo wangu wa kufumia utakuwa wake. Otilia ameomba kwanza, aanze yeye. Mwisho wa Mei akishindwa, Filemón aje aung'oe aupeleke kwake."

Baba mkubwa ana mitambo miwili tayari. Mimi sina hata mmoja, na mtambo ule ndio niliojifunzia kusimama, nikishikilia miguu yake. Nautaka, Shangazi, na sioni haya kusema.

Nifundishe ile nyekundu. Nimebandika hapa uzi mmoja nilioufumua pembeni mwa zulia, Babu asijue.

Binti yako ambaye hajakuona,
Otilia

*

Tijuana, 30 Januari 1984

Otilia mwanangu,

Barua yako imenikuta nakaanga samaki, na samaki wameungua wote. Ruperto amekula mkate na kulalamika. Ni mzima, bado anaendesha basi, ila ana jino linalomsumbua na anamwogopa daktari wa meno kuliko polisi wa barabarani. Mimi nimenenepa. Nina wajukuu wawili, mmoja anafanana na Filemón, maskini, lakini ni mtoto mwenye tabia nzuri.

Mpe Bibi busu langu. Macho ya Babu yameanza kufifia lini? Usimwambie nimeuliza.

Haya, nyekundu. Kwa kilo moja ya sufu, chukua grana, wale wadudu wa mpungate, iliyokauka vizuri, isage mpaka iwe laini kama unga wa chokoleti, upate vibuyu viwili vilivyojaa. Jiwe la shabu, saizi ya yai la kuku. Chemsha sufu kwanza na shabu na majani ya tejute, iache ipoe humo humo. Kisha tia grana, na ndimu kumi na mbili, uchemshe taratibu kwa muda wa misa moja yenye mahubiri marefu. Ni grana tupu. Hakuna kingine, kama walivyofanya bibi zako wote.

Kuhusu kuondoka kwangu, watu walikwisha kusema yote, na mimi sina la kuongeza.

Shangazi yako,
Crispina

*

Teotitlán, 20 Februari 1984

Shangazi,

Busu limefika. Bibi amelipokea shavuni akasema, "Crispina huyo, bado anabusu kwa haraka." Mama hajambo. Nguruwe wetu amezaa tisa.

Zulia, Shangazi, limeniponza. Nilifuata kila neno lako, na sufu imetoka zambarau. Si nyekundu inayoelekea zambarau, ni zambarau ya askofu wakati wa Kwaresima! Baba mkubwa alipita, akaiona kwenye kamba, akavua kofia akapiga goti: "Baba Askofu, nibariki." Majirani wote walisikia. Tangu siku hiyo watoto wa mtaani wananiita Baba Askofu.

Babu aliushika uzi, akausogeza puani kana kwamba atauona kwa kunusa, akasema, "Siyo." Basi, hilo tu, akarudi kwenye kiti chake.

Nilikosea wapi? Nimebandika uzi wa zambarau ujionee.

Otilia (Askofu)

*

Tijuana, 12 Machi 1984

Baba Askofu,

Ruperto amecheka mpaka jino likamkumbusha. Bado hajaling'oa.

Nimeutazama uzi wako na ninakuuliza, na unijibu kama mbele ya padri. Moja, uliipima sufu ikiwa imelowa? Najua uliipima imelowa, maana sisi wote tuliwahi kufanya hivyo. Ukiipima na maji yake, unadhani una kilo, kumbe una nusu kilo na zaidi kidogo, na rangi unayotia ni ya kilo nzima. Ipime kavu. Pili, ulichemsha katika sufuria gani? Kama ni ile ya chuma ya kupikia mchuzi wa mole, ndiyo iliyokufanya askofu. Chuma kinaitia giza grana hata ukiiombea. Tumia ya enameli, isiyo na mahali palipobanduka. Tatu, maji. Ya bombani yana chokaa. Kinga mvua au chota mtoni kule juu, kabla ya wanaofua.

La nne ni kosa langu. Niliandika vibuyu viwili nikisahau kwamba kibuyu chenyewe ninacho mimi. Nilikichukua siku ile, sijui kwa nini, mkono tu ulikishika. Kiko hapa mezani na chumvi ndani. Najua Bibi alinunua kingine, na kwa tabia yake alinunua kikubwa. Uzi mweusi ulio ndani ya barua hii nimeukata sawasawa na mzunguko wa mdomo wa kibuyu changu. Tafuta kinachotoshea.

Ongeza ndimu, lakini moja moja, ukitazama. Na uzi wa kulinganisha uukaushe kwanza, sufu iliyolowa inadanganya.

Babu anakula vizuri?

Crispina

*

Teotitlán, 2 Aprili 1984

Shangazi, Shangazi!

Kila kitu ulikijua, hata sufuria ya mole. Kibuyu cha Bibi ni kikubwa mara moja na nusu kuliko chako. Uzi wako mweusi haukufika hata karibu kuzunguka mdomo wake. Nimepima sufu kavu, nimechota maji juu kabisa, nimetia ndimu moja moja mpaka kumi na saba, na uani, saa sita mchana, nyekundu yangu na ya zulia zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Bibi mwenyewe aliziweka pamoja akashindwa kujua ipi ni ipi. Nikaimba. Nguruwe wakakimbia.

Babu hakuimba. Alisema, "Zulia halitakaa uani. Lipelekeni litakapokaa."

Tukaenda kanisani, mimi, Bibi na Baba mkubwa aliyejialika. Tukawasha mishumaa mbele ya altare, tukaweka uzi wangu juu ya zulia. Shangazi, waliokuwa ndugu uani, kanisani wakawa mashemeji waliogombana. Nyekundu yako ikawaka kama kaa la moto, ina rangi ya chungwa ndani yake. Yangu ikapoa, ikajifanya damu ya mzee. Tukatoka nje juani, zikapatana. Tukaingia ndani, zikagombana. Baba mkubwa aliingia na kutoka mara tano, akisema, "Shikamoo jua, shikamoo mshumaa," mpaka mfagiaji wa kanisa akatufukuza.

Nimefikiri wiki nzima. Grana ni grana. Ingekuwa grana kwa grana, mshumaa usingezitenganisha namna ile. Zulia lile lina kitu ambacho sina. Nimemuuliza Bibi, naye ameinama kwenye jiwe la kusagia, mabega yakitikisika kwa kicheko, akasema, "Mimi sijui kuandika, mwulize anayejua."

Basi nakuuliza wewe unayejua. Ulitia nini?

Otilia

*

Tijuana, 20 Aprili 1984

Otilia mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Ruperto ameng'oa jino, amelia. Hapa pana upepo mwingi wiki hii na nguo zinakauka upesi. Mjukuu wangu amejifunza kusema "basi". Wasalimie wote, na hongera kwa nguruwe.

Shangazi yako,
Crispina

*

Teotitlán, 7 Mei 1984

Shangazi,

Pole kwa jino. Nashukuru kwa habari za upepo.

Nimesoma barua yako juu chini, nikaigeuza nyuma, hata nikaipitisha juu ya mshumaa nikidhani labda umeandika kwa maji ya ndimu. Hakuna kitu.

Nimejaribu maua ya njano ya kila aina. Nimepata nyekundu ya nyanya, ya tofali, na moja inayofanana kabisa na shingo ya Baba mkubwa anapokasirika. Kanisani zote zimekataa. Ijumaa Baba mkubwa amekuja kupima mlango wetu kwa kamba, aone kama mtambo utapita bila kukatwa. Alipima kimya kimya na hakunitania hata kidogo, ndipo nikajua kwamba ameshaamini nimeshindwa. Aliponiona nalia alinipa chungwa.

Sikuulizi kwa nini uliondoka. Hilo ni lako. Nakuuliza tu kilichokuwa kwenye sufuria. Siku zimebaki ishirini na nne.

Otilia

*

Tijuana, 21 Mei 1984

Otilia,

Barua hii na mfuko huu analeta Nabor, dereva mwenzake Ruperto, anayekwenda huko kwenu Oaxaca kesho. Posta itachelewa, na mimi nimekwisha kuchelewa vya kutosha.

Leo salamu utanisamehe. Ni bata mzinga.

Wiki moja kabla ya harusi ya Filemón, uani kulikuwa na bata mzinga kumi na wawili wa karamu, na grana ya zulia zima ilikuwa imeanikwa kwenye mkeka. Niliambiwa niilinde. Nililinda, mpaka basi la Ruperto likasimama nje na yeye akaja ukutani kuomba maji ya kunywa. Yule bwana alikuwa na kiu ya saa nzima. Nilipogeuka, bata mzinga walikuwa juu ya mkeka, wanakula grana kama mahindi. Zaidi ya nusu ilikwisha kwenda.

Ningemwambia nini Baba? Jumapili, soko la Tlacolula, nikanunua pakiti ya rangi ya unga kwa mchuuzi mmoja, ina picha ya jogoo. Nikachanganya na grana iliyobaki. Ikatoka nyekundu ambayo sijapata kuiona maishani. Baba aliibusu ile sufu, Otilia. Aliitembeza nyumba kwa nyumba. "Grana tupu! Mkono wa binti yangu!" Ningesema saa ngapi?

Alipomaliza nusu ya kwanza, akataka sufu ya nusu ya pili. Grana ilikuwapo mpya, lakini mchuuzi wa jogoo hakuonekana tena. Nilijaribu mara tatu, na mara zote nikakosa. Mara ya tatu Baba alinipigia kelele. Ruperto alikuwa anaondoka alfajiri, na alikuwa ameniomba mara nyingi. Watu wa kwetu wanasema nilikimbilia mwanamume. Nilimpenda, ndiyo, na ningeolewa naye tu, kwa padri na kwa matarumbeta. Lakini siku ile, mwanangu, niliikimbia sufuria.

Tangu barua yako ya kwanza jambo hili halijanipa usingizi. Uzi ulionitumia nimeuweka kwenye kadi, na kila Jumamosi nimepika rangi kwa grana niliyoletewa na abiria wa Ruperto na kila pakiti iliyoko Tijuana. Mashati mawili ya kazi ya Ruperto yamekuwa ya waridi. Nimelinganisha juani, chini ya taa ya jikoni, na kwa mishumaa ya kanisa la hapa, hata padri ananisifu kwa ibada. Ulipoandika mara ya mwisho bado nilikuwa sijapata, na nilikuwa na aibu, ndiyo maana ukasoma upepo.

Wiki iliyopita nimepata. Ni grana nusu ya ile niliyokuandikia, yaani kibuyu kimoja, ndimu tisa, na unga ulio katika pakiti hizi, vizibo vitatu vya soda, vilivyofutwa juu kwa kisu, visiwe na kilima. Kibuyu chenyewe kimo mfukoni. Nimekiosha chumvi.

Mwambie Babu yako. Mwambie yote. Mimi nimejaribu miaka ishirini na miwili na kalamu huwa inaandika habari za hali ya hewa.

Crispina

*

Teotitlán, 25 Juni 1984

Shangazi yangu,

Nabor anasubiri mlangoni anakunywa chokoleti, nami naandika upesi. Wote wazima. Nguruwe wamebaki saba.

Nilitia rangi kwanza, ndipo nikasema. Nilitaka niwe na sufu mkononi. Ilikuwa tarehe thelathini na moja Mei, na Baba mkubwa tayari amefika na kamba na nyundo ya kung'olea mtambo. Babu akatupeleka kanisani sote. Akaniambia nichanganye vipande ishirini vya uzi, kumi vya zamani na kumi vyangu, akamkabidhi Baba mkubwa: "Wewe ndiye unayeutaka mtambo. Tenganisha, mshumaani." Nilikuwa nimefunga fundo dogo sana kwenye vyangu, bila kumwambia. Baba mkubwa alihangaika mpaka jasho likamtoka, akasema tayari. Tukatafuta mafundo. Alikuwa amechanganya vibaya kuliko kama angevirusha tu hewani. Akavitazama, akatazama kamba yake, akaniambia, "Sawa. Mtambo usiuache karibu na dirisha, mvua inapiga." Nilimkumbatia, akajifanya anakohoa.

Kurudi nyumbani, nikawaketisha nikasoma barua yako kwa sauti. Nilisoma mpaka kwenye sufuria. Baba mkubwa ndiye aliyeanza: "Kwa hiyo harusini kwangu watu walilishwa grana?"

Bibi akaweka chini kikombe. Yanayofuata ni yake, amenisimamia niyaandike kama alivyosema: "Crispina, ulifikiri nani aliwapasua wale bata mzinga? Firigisi kumi na mbili, zote nyekundu ndani kama mdomo wa mchumba. Niliziosha nikazitia kwenye mchuzi. Nilijua kabla hujarudi kutoka Tlacolula."

Babu akamgeukia. "Zoila, miaka yote hii? Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unaibusu sufu, Ausencio. Mtu anayebusu sufu ataambiwa nini?"

Babu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha, Shangazi, akalia, na hakujificha. Akasema, "Nilimwambia kama hawezi kuirudia rangi yake mwenyewe, atoke jikoni kwangu. Nilidhani ameondoka kwa neno lile. Mwandikie kwamba nilimtoa jikoni tu. Nyumbani sikumwambia atoke."

Nilimuuliza kama bado litafaa altare, lilivyo na jogoo ndani. Akasema Mungu ndiye aliyeumba grana, na bata mzinga pia ni wake.

Nimefuma siku ishirini na tatu. Baba mkubwa amekuja kila asubuhi kunikunjia uzi kwenye vijiti, akikosoa kila mstari, na amenirekebisha mara mbili kwa haki. Jana nimeikata nusu yangu kutoka mtamboni, mtamboni kwangu. Nusu mbili zimelala uani ubavu kwa ubavu, na tumezipeleka pia kanisani, na Babu amepitisha kiganja katikati akitafuta mpaka wa nusu hizo kwa vidole, maana kwa macho hakuna anayeuona.

Ila hazijashonwa. Mama alileta sindano, Babu akamnyang'anya. Anasema mshono ni wa aliyeanza kazi, na kwamba wewe ulipokuwa hapa ulishona kwa mishono midogo kuliko mtu yeyote. Sindano iko mfukoni mwake, inamchoma kila akikaa, na hataki kuitoa. Sikukuu ni Jumatano ya wiki ijayo.

Nabor amemaliza chokoleti.

Otilia, mwenye mtambo

*

SIMU YA MAANDISHI
Tijuana, 30 Juni 1984

KWA OTILIA NA BABU. TUNAFIKA JUMANNE MCHANA. RUPERTO AMEVAA SHATI LA WARIDI. SINDANO NAITAKA. FUNGIENI BATA MZINGA.

CRISPINA